Huruma ya mtoto huanzia wapi, na hukomea wapi

Kuna hadithi inayozunguka WhatsApp kila baada ya miezi michache. Mtafiti mmoja Mzungu anaweka kikapu cha matunda chini ya mti, anawaambia watoto wa kijiji fulani cha Afrika wakimbie, na atakayefika wa kwanza achukue vyote. Watoto wanashikana mikono, wanafika pamoja, wanakula pamoja. Wakiulizwa kulikoni, wanajibu kwamba mmoja hawezi kufurahi ilhali wenzake wana huzuni. Hadithi tamu. Ila aliyeituma hasemi mtafiti huyo ni nani, kijiji ni kipi, wala ilikuwa mwaka gani, na anayeipokea haulizi, kwa kuwa inasema jambo tunalopenda kuliamini: mtoto huzaliwa na moyo mweupe, chuki anapakwa na wakubwa.

Upande wa pili wako waliowahi kulea. Mwache mtoto wa miaka miwili na mdogo wake mkekani, ugeuke kidogo kuangalia chungu kisiungue, urudi ukute alama za meno kwenye mkono wa yule mchanga. Mama mwenye watoto waliofuatana kwa karibu hahitaji mtaalamu wa kumweleza kwamba wivu na ngumi havingoji kufundishwa.

Pande zote mbili zinasema kweli, na ndiyo maana ubishi huu hauishi. Tunachanganya mambo matatu na kuyaita jina moja: kuguswa na maumivu ya mwenzako, kugawana naye kwa haki, na kumhesabu mtu kuwa ni mwenzako. Hayamjii mtoto kwa wakati mmoja wala hayatoki mahali pamoja. Ukiyatenganisha ndipo unapoona mtoto anaweza kumfundisha mtu mzima nini hasa, na ni wapi yeye mwenyewe anakaa kumtazama mtu mzima ili ajue la kufanya.

Kibanio kilichoanguka

Wakunga wanalijua hili bila kusoma: katika wodi ya wazazi, mtoto mmoja akianza kulia, wengine hudakia. Watafiti walianza kulipima miaka ya 1970. Waligundua kwamba mtoto mwenye umri wa siku chache tu husumbuka zaidi akisikia kilio cha mtoto mwenzake kuliko akisikia kelele nyingine ya nguvu ileile, na akisikilizishwa kilio chake mwenyewe kilichorekodiwa hajali sana. Hiyo bado si huruma. Mtoto wa umri huo hajui hata yeye anaishia wapi na mwingine anaanzia wapi.

Mwaka wa pili ndipo mambo yanapobadilika. Anaanza kumwendea anayelia, anampapasa, anamletea mdoli wake. Mara nyingine anakosea kwa namna ya kuchekesha: anamvuta mama yake mwenyewe aje kumbembeleza mwenziwe, na huku mama wa huyo anayelia amekaa pale pale. Nia ipo, hesabu ndiyo haijakaa sawa.

Mwaka 2006 Felix Warneken na Michael Tomasello, waliokuwa katika Taasisi ya Max Planck mjini Leipzig, Ujerumani, walichapisha jaribio lililo rahisi kiasi kwamba unaweza kulirudia uani kwako. Mtu mzima ambaye mtoto hamjui anaanika nguo kwenye kamba. Kibanio kinamponyoka, kinaanguka chini; ananyoosha mkono, hakifikii. Haombi, hasemi neno. Mtoto wa miezi 18, ambaye kutembea kwenyewe bado ni kwa kuyumbayumba, anainuka, anakwenda, anakiokota, anampa. Mahali pengine mtu huyo amekumbatia rundo la magazeti, mikono imejaa, anajigongagonga kwenye mlango wa kabati uliofungwa. Mtoto anakwenda kumfungulia. Kati ya watoto 24, watoto 22 walisaidia walau mara moja. Lakini mtu yule alipokitupa kibanio chini kwa makusudi, watoto walibaki wamekaa. Hapo ndipo jaribio lilipopata uzito wake. Kama wangekuwa wanapenda tu kuokota vitu, wangeokota na hicho. Walikuwa wamesoma nia ya mtu na kuona amekwama.

Miaka miwili baadaye wawili hao walirudi na swali jingine: je, ukimlipa? Watoto wa miezi 20 wakagawanywa. Wengine walipewa kitu cha kuchezea kila waliposaidia, wengine walisifiwa, wengine hawakupewa chochote wala kuambiwa lolote. Baadaye waliolipwa ndio waliosaidia kidogo kuliko wote. Wale ambao hawakupata hata “ahsante” waliendelea kuokota kama kawaida. Nikifikiria ni mara ngapi kwa siku nyumba zetu zinasema “mpelekee bibi maji nikupe hela ya pipi”, naona tuna bidii kubwa ya kununua kitu tulichokuwa tunapewa bure.

Ila hapa pana haja ya kupunguza mwendo, kwa maana eneo hili lina sifa zilizopita kiasi. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha watoto wa miezi 6 na 10 mchezo wa vidude vyenye macho: kimoja kinahangaika kupanda mlima, kingine kinakisukuma kutoka chini kukisaidia, cha tatu kinakishusha. Watoto walipoletewa wachague, karibu wote walinyoosha mkono kwa msaidizi. Magazeti yakaandika kwamba mtoto hujua wema na ubaya kabla ya kuota meno. Mwaka 2024 yakatoka majibu ya maabara 37 zilizorudia jaribio hilo kwa pamoja, zikiwa na zaidi ya watoto 500. Waliomchagua msaidizi hawakufika hata nusu. Ni sawa na kurusha shilingi. Kwa hiyo anayekuambia kichanga ni hakimu wa maadili amewahi mno. La kibanio limesimama vizuri zaidi, na mimi naliamini kwa kuwa hata asiyesoma utafiti wowote atalikuta sebuleni.

Pipi nne kwa moja

Kugawana kuna historia tofauti, na haipendezi sana. Mwaka 2008 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Ernst Fehr na wenzake kuhusu watoto 229 wa Uswisi. Wa miaka mitatu na minne wengi walikuwa wabinafsi wa wazi kabisa. Kufikia miaka saba na minane wengi walitaka mgawo wa sawasawa. Lakini kipindi kilekile usawa ulipokua, kilikua na kitu kingine: kumpendelea wa kwetu. Yaani haki na upendeleo viliota pamoja.

Utafiti mwingine wa mwaka 2015 ulienda katika nchi saba, Uganda na Senegal zikiwamo. Watoto wawili wanakaa wakitazamana, katikati pipi zimepangwa: labda moja kwako, nne kwa mwenzako, au kinyume chake. Mmoja ndiye mwenye kuamua: akikubali, kila mtu anachukua zake, akikataa, zote zinamwagwa na wote wanakosa. Kila nchi, kadiri watoto walivyokua, walikataa walipopunjwa. Bora sote tukose. Lakini kukataa kwa kuwa wewe ndiye umependelewa, mwenzako akapunjwa, kulionekana katika nchi tatu tu, yaani Uganda, Kanada na Marekani, tena kwa watoto wakubwa.

Mimi nausoma hivi: uchungu wa kupunjwa huja wenyewe popote pale, wala hatuhitaji kuufundisha. Aibu ya kupewa zaidi ya haki yako inategemea umekulia wapi na umeona nini. Nani kwenye nyumba hiyo hukatiwa paja la kuku kila mara, na nani humegewa shingo? Mtoto anaangalia.

Kesi iko kwa mjumbe, watuhumiwa wako kiwanjani

Anayetaka kuona amani ikitengenezwa aache kidogo habari za mikutano ya Arusha na Naivasha, aende kukaa saa kumi jioni kando ya kiwanja cha vumbi. Mpira ni wa makaratasi na mifuko iliyosokotwa kwa kamba (mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu 2019, watoto bado wanajua wanaitoa wapi). Magoli ni ndala nne. Refa hakuna, mistari hakuna, na mwamba wa juu wa goli ni wa kufikirika, kwa hiyo kila shuti linalopita juu kidogo ni kesi.

“Imeingia!”

“Imepaa hiyo!”

Mmoja anamsukuma mwenziwe kifuani, anasukumwa naye, mtu anakamatwa shati. Mwenye mpira anauokota, anauweka kwapani, anaanza kuelekea kwao. Hapo ndipo panapokuwa patamu. Kelele zinapungua, maana kila mmoja anapiga hesabu ileile. Kisha mkubwa wao anasema, “Basi, tupige penati.” Au, “Haya, chukueni, sisi tunaanzia kati.” Mwenye mpira anageuka, kwa hatua za kujivuta ili isionekane kwamba amekubali upesi, na mchezo unaendelea. Waliokunjana mashati wanapasiana kabla jua halijashuka.

Sayansi ya jambo hili ilianzia kwa sokwe. Mwaka 1979 Frans de Waal na mwenzake walieleza jinsi sokwe wa bustani ya wanyama ya Arnhem, Uholanzi, wanavyotafutana baada ya kupigana, wanakumbatiana na kubusiana, tena hao hao waliokuwa wakirushiana makonde. Baadaye watafiti walihamishia daftari zao kwenye viwanja vya shule za chekechea, wakakuta jambo linalofanana: ugomvi mwingi humalizwa na watoto wenyewe bila mtu mzima, na wanaopatana zaidi ni marafiki, au wale waliokuwa wakicheza pamoja kabla ugomvi haujazuka.

Angalia wanavyopatana. Mara chache utasikia “nisamehe”. Neno hilo mara nyingi hulazimishwa na mwalimu aliyesimama na fimbo. Wao wana njia zao. Mmoja anamkatia mwenzake kipande cha muhogo. Anamwita kwa jina la utani. Anamwonyesha kidonda chake cha goti kana kwamba hakuna kilichotokea. Au anakaa tu karibu naye, anachora mchanga, anasubiri atupiwe neno. Hakuna anayedai ikubalike kwanza nani alianza. Na kitu kinachowasukuma si utakatifu. Bila yule mwingine timu haitimii, kombolela halichezeki, na jioni ni fupi. Wanauhitaji mchezo kuliko wanavyohitaji kushinda kesi.

Sisi wakubwa tumejijengea uwezo wa kuishi bila kuhitajiana. Nikigombana na jirani nina ukuta, nina geti, nina duka jingine la kununulia sukari, nina kikundi kingine cha kufa na kuzikana. Zaidi ya hapo nina watazamaji. Mtu mzima hagombani peke yake, nyuma yake wako ndugu, wako marafiki, wako watu wa chama, na kila mmoja atamwuliza, “Yaani umemwacha hivi hivi?” Kinyongo cha mtu mzima kinatunzwa na wengi. Methali inasema wagombanao ndio wapatanao. Watoto wanaiishi, sisi tunaitumia kwenye hotuba.

Ushahidi wa wazi kabisa uko kwenye nyumba za kupanga, zile za vyumba sita na uwa mmoja. Mtoto wa chumba cha pili amempiga kokoto mtoto wa chumba cha tano. Mama mmoja katoka na kanga moja, mwingine kaacha unga jikoni. Yanatajwa ya kokoto, yanakuja ya zamu ya kufagia choo, yanakuja ya bili ya umeme, mwisho yanatajwa ya ukoo. Jioni wanakwenda kwa mjumbe. Kesi inasikilizwa barazani kwa mjumbe, na wale watuhumiwa wawili, wa kokoto na wa nundu, wako nje wanaviringisha tairi moja kwa zamu.

Hata hivyo sitaki kumpamba mtoto kuliko anavyostahili. Amani ya haraka ina ubaya wake. Palipo na mbabe na mnyonge, mnyonge ndiye “anayesamehe” kila siku, kwa kuwa hana njia nyingine ya kubaki mchezoni. Ukimwona mtoto anayekubali kuwa golikipa jioni zote, anayetumwa kufuata mpira kwenye miiba, anayetoa andazi lake kabla hajaombwa, hiyo si amani. Hapo mtu mzima anatakiwa aingie. Njia fupi ya kurudiana inafanya kazi vizuri baina ya watu wanaolingana, na hata mikataba ya wakubwa huvunjika hapo hapo.

Mwalimu alipowasimamisha

Sasa lile la tatu, ambalo ndilo zito: nani ni mwenzangu?

“Mtoto hajui kabila” ni kweli, ila kwa muda mfupi kuliko tunavyodhani. Mwaka 2002 Paul Connolly na wenzake walitoa ripoti kuhusu watoto 352 wa Ireland ya Kaskazini, wenye umri wa miaka mitatu hadi sita, Wakatoliki na Waprotestanti. Hakuna wa miaka mitatu anayeweza kueleza nini kilitokea mwaka 1690 (vita vya Boyne) au 1972 (Jumapili ya Damu mjini Derry). Lakini tayari walikuwa na bendera wanazozipenda na wasizozipenda. Kufikia miaka sita, kama theluthi moja walijitambulisha na upande mmoja, na asilimia 15 walitamka maneno ya chuki dhidi ya upande wa pili. Hakuna aliyewakalisha chini kuwafundisha. Walichukua kwenye rangi za mawe ya pembeni mwa barabara yao, kwenye sauti ya baba taarifa ya habari inapoanza, kwenye mtaa ambao hawapitishwi.

Rwanda haikungoja watoto waokote wenyewe. Kabla ya 1994 ilikuwa desturi katika shule nyingi mwalimu kuwasimamisha wanafunzi kwa makundi: Wahutu simameni, Watutsi simameni, akaandika hesabu. Manusura wengi wamesimulia siku hiyo. Wapo waliosimama na kundi ambalo si lao kwa kuwa rafiki yao alisimama. Wapo ambao hawakusimama kabisa, wakatumwa nyumbani wakaulize wao ni nani, na kesho yake wakarudi na jibu. Mtoto wa darasa la kwanza aliyekwenda shuleni kujifunza kuhesabu alijifunza kwanza kwamba yule anayekaa naye dawati moja ni wa kundi jingine.

Nyange ni kilima cha magharibi mwa Rwanda. Aprili 1994 Watutsi wapatao 1,500 walikimbilia kanisa la parokia hapo, na kanisa likaangushwa juu yao kwa tingatinga. Padri wa parokia hiyo, Athanase Seromba, alishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyokuwa Arusha, na mwaka 2008 rufaa iliishia kwa kifungo cha maisha. Huko ndiko mpaka uliochorwa na watu wazima ulikofika.

Kilima hichohicho, usiku wa tarehe 18 Machi 1997, watu wenye silaha waliingia katika shule ya sekondari. Wanafunzi walikuwa madarasani wakijisomea. Waliamriwa wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Ni amri ileile ya mwalimu wa zamani, safari hii kwa bunduki. Wanafunzi wakakataa. Jibu lao, ambalo leo kila mtoto wa Rwanda anafundishwa, ni kwamba wao wote ni Wanyarwanda. Washambuliaji wakafyatua risasi na kurusha mabomu ya mkono bila kuchagua. Sita waliuawa, wengine wengi wakajeruhiwa. Rwanda imewaweka katika daraja la mashujaa linaloitwa Imena, na huwakumbuka kila tarehe 1 Februari.

Hawakuwa watoto wadogo. Walikuwa vijana wa kidato cha tano na cha sita, na wenyewe walikuwa wameyaona ya 1994. Nawaleta hapa kwa sababu hiyo hasa. Huruma yao haikuwa ile ya kutojua. Mtoto wa miaka miwili hambagui mwenziwe kwa kuwa mpaka haujui. Hawa waliujua mpaka, walijua upande upi ungenusurika, na bado wakakataa kuuonyesha. Anayesifu “usafi wa mtoto” angejiuliza ni upi kati ya hizo mbili anaoutafuta.

Na ubaya nao unafundishika vilevile. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague (ICC, si ile ya Rwanda iliyokuwa Arusha) ilitoa hukumu yake ya kwanza kabisa Machi 2012, dhidi ya Thomas Lubanga wa Ituri, Kongo, kwa kuwaingiza jeshini watoto wa chini ya miaka 15. Dominic Ongwen wa kaskazini mwa Uganda alitekwa na waasi wa LRA akiwa mtoto njiani kwenda shule. Mwaka 2021 mahakama hiyohiyo ilimhukumu miaka 25 kwa aliyoyatenda akiwa kamanda. Mkono ule unaookota kibanio unaweza kufundishwa kazi nyingine kabisa, na haichukui miaka mingi.

Walipoachiwa nafasi

Katika mji wa Apartadó, Kolombia, eneo la mashamba ya ndizi ambako waasi na wanamgambo walikuwa wakiuana, watoto walianza kukutana mwaka 1996 kujadili vita. Graça Machel, mjane wa Samora, alikuwa akizunguka dunia kuuandalia Umoja wa Mataifa ripoti kuhusu watoto na vita, na ziara yake huko iliwapa sababu ya kuandika madai yao. Kutoka hapo likazaliwa jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: tarehe 25 Oktoba 1996, watoto zaidi ya milioni 2.7 walipiga kura ya kuchagua haki wanayoiona ya kwanza. Waliweka mbele uhai na amani.

Mwaka uliofuata watu wazima wakafuata. Wapiga kura wapatao milioni 10 waliunga mkono tamko la amani, na vuguvugu la watoto likapendekezwa kwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1998. Je, vita viliisha? La. Mazungumzo na kundi la waasi la FARC yalianza, yakavunjika mwaka 2002, na mkataba ukasainiwa 2016, wakati wapiga kura wale wadogo wengine wameshakuwa wazazi. Kura yao ilichofanya ni kuondoa kisingizio. Kabla ya hapo mwanasiasa aliyetaka amani aliogopa kuitwa dhaifu. Baada ya watoto kusema hadharani, kunyamaza ndiko kulikokuwa kunatia aibu.

Kule Toronto, Kanada, Mary Gordon alianzisha mwaka huohuo wa 1996 mpango ambamo mwalimu ni mtoto mchanga kweli kweli. Mzazi wa mtaani anakuja darasani na mwanawe mara tisa katika mwaka wa masomo, wanatandika blanketi la kijani, wanafunzi wanazunguka na kuulizwa: analia nini? amekasirika au amechoka? na wewe ukichoka unafanyaje? Tathmini zilizofanywa zilikuta ukorofi ukipungua katika madarasa hayo. Msomaji wa kwetu atacheka, maana mtoto wa miaka minane wa Kigoma aliyembeba mdogo wake mgongoni anatofautisha kilio cha njaa na cha usingizi bila mradi wowote (ingawa mzigo huo huwaangukia wasichana, na hilo lina makala yake). Lakini familia za mjini zinazidi kuwa ndogo, na wapo vijana wetu wanaofika miaka 18 hawajawahi kumbembeleza mtoto.

Kuwaweka watoto wa pande mbili mahali pamoja hakutoshi. Gordon Allport alieleza mwaka 1954 kwamba kukutana huondoa chuki pale tu watu wanapokuwa na hadhi sawa, wana lengo moja, wanalifanyia kazi pamoja, na wenye mamlaka wanaliunga mkono. Mwaka huohuo Muzafer Sherif aligawa wavulana 22 kambini Oklahoma katika makundi mawili, akawashindanisha. Wakachomeana bendera na kuvamiana mabwenini. Kuwaalika wale pamoja kuliishia kurushiana chakula. Kilichowarudisha ni maji ya kambi kukatika na gari la chakula kukwama, kazi ambayo kundi moja lisingeiweza peke yake. Ni mwenye mpira na kwapa lake, kwa lugha nyingine.

Kaskazini mwa Kenya shirika la Children Peace Initiative Kenya limekuwa likifanya jambo la namna hiyo kati ya jamii zinazoibiana mifugo, wakiwamo Wasamburu na Wapokot. Watoto wanakaa kambini siku kadhaa, wanacheza, wanalala na kula pamoja, kila mmoja anapata rafiki wa upande wa pili. Kisha urafiki unavuka kambi: likizo ikifika mtoto anakwenda kutembelea boma la rafiki yake, na wazazi wake, ambao kwa kawaida wasingekanyaga huko bila silaha, wanalazimika kufahamiana na wenyeji wake. Baadhi ya familia hizo zimepewa mitamba ya kufuga kwa urafiki huo. Mwizi wa usiku sasa ana tatizo jipya, maana katika zizi lile kuna ng'ombe wa watu anaowajua.

Wizi wa mifugo haujakwisha. Februari 2023 Serikali ya Kenya ilipeleka wanajeshi kuwasaidia polisi katika kaunti sita za kaskazini mwa Bonde la Ufa, katika operesheni iliyoitwa Maliza Uhalifu. Huenda walihitajika, sitabishana na aliyechomewa nyumba. Lakini wanajeshi hurudi kambini. Kijana atakayechunga ng'ombe wa ukoo wake mpakani mwaka 2035, akiwa na bunduki begani au bila, leo yuko darasa la pili au la tatu, na kama atakuwa amewahi kulala kwenye boma la upande wa pili ni jambo ambalo wazazi wake wanaweza kuliamua likizo hii.